Mume wangu yuko kwenye mashine ya figo, sasa wanasema ana homa ya ini C

Shikamoo Shangazi.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala, na baba yao yuko chumbani anajifanya amelala. Tunaishi Uyole, hapa Mbeya. Mume wangu ana miaka 47, kwao ni Kilolo, Iringa. Presha ilimwandama miaka mingi akiipuuza, mpaka ikazimaliza figo zote mbili. Huu ni mwaka wa tatu anasafishwa damu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, masaa manne kila mara. Tulishazoea. Hata watoto wanajua siku za mashine baba anarudi kachoka, hawamwombi kitu.

Mwezi uliopita wagonjwa wote walipimwa damu, kama ilivyo kila baada ya miezi sita. Nesi akamwita pembeni, ila pembeni yenyewe ilikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye viti vya wenzake, akamwambia ana homa ya ini C. Wiki iliyofuata akahamishiwa kiti cha mwisho kwenye kona, na zamu yake ikawa ya mwisho. Hakuna aliyemweleza sababu. Wale waliokuwa wakibishana naye Simba na Yanga sasa wanamsalimia kwa mbali.

Tangu hapo amekosa mashine mara mbili. Mara ya pili ilikuwa Jumatatu, kwa hiyo kutoka Ijumaa mpaka Jumatano alikaa siku tano bila kusafishwa. Usiku wa Jumanne alishindwa kulala chali, anahema kama mtu aliyepanda mlima. Nikamwuliza kwa nini hukwenda, akasema, "Nikakae kwenye ile kona kama mwenye ukoma?"

Nyumbani nako si shwari. Wifi yangu amekuja kutoka Iringa kutusaidia. Juzi nimekuta kikombe cha mume wangu, cha bati, cha bluu, kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono ili mtu mwingine asikinywee. Mtoto wetu wa mwisho ameniuliza uzi ni wa nini. Wifi huyohuyo anasema ugonjwa huu ni wa mambo ya wanawake, na ananitazama mimi. Ameleta pia chupa ya dawa ya mizizi ya kusafisha ini. Na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliyekubali kutoa figo na vipimo vya mwanzo vikaonyesha wanaendana, hapokei simu tena.

Daktari tuliyemwona alisema vimeng'enya vya ini, vile vinavyopimwa kwenye damu kuona kama ini linaumia, viko kawaida, tusihangaike, tushughulikie figo kwanza. Nilitoka pale nimefarijika, lakini usiku nikajiuliza: kama hakuna shida, mbona amewekwa kwenye kona?

Shangazi, niambie ukweli. Huu ugonjwa unaelekea wapi kwa mtu ambaye tayari yuko kwenye mashine? Tusubiri? Aliupata wapi? Na mimi na watoto je?

Mama wa wawili, Uyole

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kabla ya kustaafu nilikuwa muuguzi, na miaka yangu ya mwisho kazini niliimaliza kwenye chumba cha mashine za figo, kwa hiyo kile kiti cha kona nakijua, na yule mtu anayekikalia namjua.

Nianze na mashine kabla ya ini, maana kilichokutoa usingizi usiku ule wa Jumanne hakikuwa homa ya ini. Yalikuwa maji yaliyojaa mapafuni. Mgonjwa asiyekojoa akikaa siku tano, maji hayana pa kwenda, na potasiamu inapanda kwenye damu mpaka moyo unaweza kusimama bila kutoa onyo lolote. Na sisi huku nyanda za juu tunaishi katikati ya potasiamu: ndizi za Tukuyu, maparachichi, viazi mviringo vya Njombe, maharage. Akikosa mashine huku anakula hivyo, hatari ni ya siku hiyohiyo. Homa ya ini C inakwenda kwa miaka. Kwa hiyo ombi langu la kwanza: Jumatatu ijayo msindikize mwenyewe, ukae naye mpaka aunganishwe. Na akianza tena kuhema hivyo usiku, msingoje kupambazuke, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Mkifika, mwombeni msimamizi wa kitengo mzungumze naye faragha, kwa upole. Mwulizeni kwa nini mgonjwa amehamishwa. Miongozo ya kimataifa ya wataalamu wa figo, inayoitwa KDIGO, haitaki mgonjwa wa homa ya ini C atengwe wala awe na mashine yake peke yake. Anayehitaji chumba na mashine ya peke yake ni mwenye homa ya ini B. Hizi mbili majina yanafanana, virusi vyake havifanani hata kidogo, na nimeona watu wazima wenye vyeti vyao wakizichanganya. Kumtenga mgonjwa wa C hakulindi wenzake. Kinacholinda wenzake ni mikono.

Ngoja nikuonyeshe, maana hapa ndipo penye jibu la swali lako la alikoupata. Nesi anachomoa sindano kwenye mkono wa mgonjwa wa kiti cha tatu. Anakandamiza pamba, damu kidogo inagusa glavu, tone dogo ambalo hata yeye halioni. Mara mashine ya kiti cha nne inalia. Anageuka, anabonyeza kitufe kuinyamazisha, na glavu ni zilezile. Dakika kumi baadaye nesi mwingine anagusa kitufe hichohicho, kisha anashika mpira wa damu wa mgonjwa wa kiti cha nne. Kirusi hiki kinaweza kukaa hai kwenye kitu kikavu kwa siku nyingi, hata wiki. Au kichupa kimoja cha heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kinachotumika kwa wagonjwa kadhaa, mtu akarudisha humo sindano iliyokwisha kutumika. Ndivyo kirusi cha C kinavyotembea kwenye vyumba vya mashine duniani kote, na ndiyo sababu wagonjwa hupimwa kila miezi sita. Sisemi ndivyo ilivyokuwa hapo kwenu, sikuwepo. Ila muulizeni msimamizi jambo moja la haki kabisa: mgonjwa aliyekuwa salama akigundulika na C, wenzake wa chumba kile hupimwa upya na taratibu za usafi hukaguliwa. Hilo limefanyika?

Njia nyingine ipo, kuongezewa damu, na wagonjwa wa figo huongezewa sana kwa sababu damu hupungua. Damu inayotolewa kupitia Mpango wa Taifa wa Damu Salama, wenye kituo cha kanda hapohapo Mbeya, hupimwa UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, kwa hiyo hatari imepungua mno. Kuna pia nyembe za kuchangia, chale, sindano za zamani. Wamisri waliambukizwa kwa wingi wakiwa kwenye matibabu, walipochomwa sindano za kichocho zilizorudiwa mtu hadi mtu. Ngono kati ya mke na mume huambukiza C kwa nadra sana. Wifi yako mwambie hivyo kwa maneno yako, na ukiweza msomee aya hii. Mtu aliyechomwa sindano nene mbili kila kikao, mara tatu kwa wiki, mwaka wa tatu sasa, huhitaji kumtafutia mwanamke.

Sasa ini.

Kati ya watu 100 wanaoambukizwa C, wapatao 30 huvifukuza virusi wenyewe ndani ya miezi sita. Waliobaki wanabaki navyo, na vinakaa kimya. Mtu haumwi, hana manjano, anafanya kazi zake. Kati ya kila 100 waliobaki navyo, 15 hadi 30 ini lao hujaa makovu na kusinyaa ndani ya miaka 20, na wengine kati ya hao hupata saratani ya ini. Hizo ni hesabu za watu wenye figo zao. Kwa mgonjwa wa mashine kuna mambo mawili ya kuongeza, na daktari wenu hakuwaambia hata moja.

La kwanza ni hilo la vimeng'enya. Daktari hakuwadanganya, karatasi ilisema kawaida. Lakini kwa watu wanaosafishwa damu, vimeng'enya vya ini huwa chini kuliko kwa watu wengine. Namba inayoitwa kawaida kwangu mimi inaweza kuwa ya juu kwa mume wako, na ini linaweza kuwa linaharibika huku karatasi ikionekana safi. Uchovu nao hautasaidia kugundua, maana kila mgonjwa wa mashine amechoka. Nilimhudumia mzee mmoja miaka mingi, vipimo vyake vya ini ni vizuri kila robo mwaka, mpaka siku tumbo lilipoanza kujaa maji. Tukadhani ni maji ya figo, tukawa tunaiongezea mashine kazi ya kuyavuta. Lilikuwa ini. Sijamsahau yule mzee, na ndiye anayenifanya nikuandikie kwa urefu hivi.

La pili ni kwamba madhara hayaishii kwenye ini. Tafiti zilizofuatilia wagonjwa wa mashine katika nchi nyingi zimekuta wenye C wanafariki mapema kuliko wenzao wasio nayo, na sehemu ya vifo hivyo ni vya moyo. Ugonjwa huu huongeza pia hatari ya kisukari. Na mtu akipandikizwa figo akiwa bado na virusi, zile dawa za kuzuia mwili usiikatae figo mpya huwapa virusi nafasi ya kuzaana, ini linaharibika kwa kasi zaidi, na figo mpya yenyewe inaweza kudhurika. Zamani wengi walisema mgonjwa wa figo atakufa na moyo kabla ini halijamfikia, kwa hiyo muacheni. Mume wako ana miaka 47 na ndugu wa kumpa figo. Huyo tunamhesabia miongo, na ndani ya miongo ini linafika.

Kwa hiyo, msisubiri. Na hapa nina habari njema, ninazozisema kwa furaha kwa sababu nimefanya kazi wakati hazikuwepo. Dawa za zamani zilikuwa sindano za interferoni na vidonge vya ribavirini. Sindano zilimtesa mgonjwa mwaka mzima, na ribavirini hutolewa mwilini na figo, kwa hiyo kwa mtu asiye na figo ilijikusanya na kuangamiza damu ambayo tayari ni pungufu. Tuliwaacha wagonjwa bila kuwatibu kwa sababu tiba ilikuwa mbaya kuliko kungoja. Nadhani ushauri wa "figo kwanza" umebaki kutoka siku zile.

Leo ni vidonge, kila siku, siku ya mashine na siku isiyo ya mashine, kwa kawaida wiki 12. Kwenye boksi utaona jina sofosbuvir likiambatana na daclatasvir au velpatasvir. Zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanapona, nikimaanisha virusi vinaisha mwilini, havifubazwi tu kama vya UKIMWI. Mwanzoni sofosbuvir ilizuiwa kwa watu ambao figo zao zimekufa, na daktari aliyesoma wakati huo anaweza bado kukuambia haifai. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa kizuizi hicho, na mwongozo wa KDIGO wa mwaka 2022 unairuhusu kwa wagonjwa wa mashine bila kubadilisha dozi. Mtajieni hilo kwa heshima. Daktari mzuri hatachukia.

Kabla ya dawa lazima apimwe wingi wa virusi. Kipimo alichofanyiwa huenda kilitafuta kingamwili tu, yaani alama kwamba kirusi kiliwahi kuingia, na inawezekana kabisa yeye ni mmoja wa wale 30 waliokifukuza. Damu ya kipimo hicho itolewe kabla hajaunganishwa na mashine, na isitolewe kiholela kwenye mkono wenye fistula. (Fistula ya figo, kwa wasomaji wengine mtakaoshtuka: ni mishipa ya mkononi iliyounganishwa ili sindano za mashine zipate pa kuingia, haihusiani na fistula ya uzazi.) Kama maabara ya karibu haina kipimo, ulizeni kama sampuli inaweza kupelekwa kwingine, msiishie kwenye "hatuna".

Apimwe na homa ya ini B pia. Hilo nalisisitiza. Kama B imejificha mwilini, dawa za C zinaweza kuiamsha na ikalipiga ini kwa nguvu. Na kama hana B, achanjwe, chanjo ipo, na wagonjwa wa mashine hupewa dozi kubwa kuliko watu wengine. Ya C haina chanjo. Wapige pia ultrasound ya ini kuona kama makovu yameshaanza, kwa sababu yakiwa yamekomaa atahitaji kuangaliwa saratani kila miezi sita hata akishapona virusi. Daktari aambiwe kila dawa anayomeza: za kifua kikuu, za kifafa, za vidonda vya tumbo na baadhi za mapigo ya moyo zinagombana na vidonge hivi. Suala la nani atalipia, iwe ni bima au mfuko wenu, ulizeni mapema na mjibiwe kwa maandishi, nisije nikakutajia bei ambayo kesho si hiyo.

Chupa ya mizizi, hapana. Ini ndilo linalopokea kila kinachomezwa, na hakuna anayejua kilichochemshwa humo. Mengi ya mizizi ina potasiamu pia. Na ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukianza kutoka huko Kilolo, masika, ndugu wakaleta kidumu, mume wako asionje hata kwa heshima ya wageni. Mahindi yenye ukungu myatupe, yasisagwe hata kwa ajili ya wengine, kwa sababu sumukuvu nayo ni adui wa ini.

Wewe nenda ukapime mara moja. Kama huna C, watoto hawana sababu ya kuwa nayo, labda kama wamechangia wembe au mswaki na baba, na hivyo viwili kila mtu awe na vyake. Damu ikidondoka, futa na jiki. Zaidi ya hapo hakuna. Haipiti kwenye sahani, kijiko, mate, kukumbatiana, choo wala kikohozi. Ule uzi mwekundu ukate wewe mwenyewe, mbele ya wifi yako, ukimweleza sababu, halafu chai ya mume wako mnywe wote wawili kutoka kikombe kilekile. Mtoto aone.

Akimaliza dawa mtasubiri wiki 12 nyingine, kisha atapimwa tena wingi wa virusi. Visipoonekana, amepona. Karatasi hiyo itoeni nakala na mwihifadhi vizuri, kwa sababu kile kipimo cha haraka kitaendelea kusema ana C maisha yake yote. Kingamwili hazifutiki, na kila nesi mpya atataka kumrudisha kwenye kona. Na anaweza kuambukizwa upya, kupona hakumpi kinga, kwa hiyo glavu za kiti cha nne bado zinamhusu. Awe na ujasiri wa kusema, "Nesi, naomba ubadilishe glavu." Nimewahi kuambiwa hivyo na mgonjwa, nikaona aibu, nikabadilisha.

Limebaki la shemeji yako. Upandikizaji wa figo unafanyika nchini, Muhimbili walianza mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, wakafuata 2018. Kama kutibu C kuwe kabla au baada ya kupandikiza, hilo huamuliwa na madaktari wa figo na wa ini pamoja, kulingana na hali ya ini na muda wa maandalizi. Kwa maoni yangu, kwa mazingira yetu, atibiwe kwanza, kwa sababu vipimo vya mtoaji na taratibu zake huchukua miezi hata hivyo. Shemeji hapokei simu kwa sababu anaogopa mambo mawili na hataki kuyasema: kwamba naye ataambukizwa, na kwamba figo yake itapotea bure. La kwanza halipo, anayetoa figo haambukizwi na anayepokea. La pili lina maana, na ndiyo sababu mnatibu. Usimpigie ukilalamika. Mtumie ujumbe jioni akiwa ametoka shambani, umwambie kaka yake anaanza vipimo vya kutibiwa ini, kwamba hakuna anayemdai jibu leo, na kwamba majibu yakitoka atakuwa wa kwanza kuyaona.